Majirani Wawili na Plaiwudi ya Nje: Japani na Korea Kusini tangu Miaka ya 1960

  

Mada niliyopewa ni kulinganisha nchi mbili katika uagizaji wa bodi za mbao kwa kipindi kirefu. Nasema bodi za mbao nikimaanisha plaiwudi, chipbodi, MDF, hadibodi na zile za vipande vikubwa zinazoitwa OSB. Kuchagua nchi kuliachwa mikononi mwangu, na nadhani wengi wenu mlitarajia Kenya na Tanzania. Nimechagua Japani na Korea Kusini kwa sababu moja: nchi hizo mbili zilianza mahali pamoja, zikinunua magogo yaleyale katika misitu ileile, kisha zikaachana njia. Tena zimekwisha kumaliza mzunguko mzima, kuanzia kupanda mche hadi kumenya au kusaga gogo kiwandani. Sisi bado tuko katikati ya mzunguko wetu.

Shabaha yangu ni kuonyesha kwamba kiasi cha bodi kinachoshushwa bandarini huamuliwa kwanza na muuzaji, halafu na miti ambayo mnunuzi aliipanda miaka 30 au 40 nyuma. Ushuru na vibali, ambavyo ndivyo tunavyovigombania kwenye mikutano yetu, huja nyuma kabisa. Asiyekubaliana nami aandike swali lake, muda wa maswali upo.

Hoja ya kwanza: kipimo chenyewe.

Nitaanza na jambo linalochosha, lakini bila hilo mengine hayasimami. Biashara hii huhesabiwa kwa mita za ujazo. Plaiwudi tuliyoizoea hapa, ya futi nane kwa nne yenye unene wa milimita 18, huingia karibu vipande 19 katika mita moja ya ujazo. Nyumba za Japani hutumia kipande cha futi tatu kwa sita, milimita 910 kwa 1,820, na cha milimita 12 huingia karibu 50 katika mita ileile. Kwa hiyo mtu akikwambia nchi fulani imeagiza mita za ujazo milioni moja, umeambiwa shehena kubwa sana, ila hujaambiwa ni bodi ya namna gani.

Forodha za dunia huzigawa bidhaa hizi katika mafungu: 4410 kwa chipbodi na OSB, 4411 kwa MDF na hadibodi, 4412 kwa plaiwudi. Vinia, lile tabaka jembamba linalomenywa kwenye gogo kabla ya kubandikwa, lina namba yake, 4408. Kuna majedwali yanayoiingiza vinia katika jumla ya bodi na mengine yanayoiweka kando. Ukichukua jedwali la namna ya kwanza kwa nchi moja na la namna ya pili kwa nchi nyingine, umeharibu kazi kabla hujaanza. Vilevile kabati la MDF likisafirishwa likiwa limefunguliwa ndani ya boksi, forodhani linaandikwa samani. Bodi imeingia nchini, lakini kwenye takwimu za bodi haimo.

Nawaomba wanafunzi walishike hilo. Sasa tuende Asia.

Hoja ya pili: muuzaji ndiye aliyepinda mstari.

Katika miaka ya 1960 Japani na Korea Kusini hazikuwa na haja ya kuagiza plaiwudi. Ziliagiza magogo. Miti ya misitu ya mvua ya Ufilipino, na baadaye ya Sabah na Sarawak za Malaysia na Kalimantan ya Indonesia, ile jamii ya lauani na meranti, ilikuwa minene, imenyooka, haina vifundo, na kuimenya kulikuwa rahisi. Meli zilipeleka magogo hayo Japani, na viwanda vya huko vikalisha soko la ndani lililokuwa likijenga nyumba usiku na mchana. Meli nyingine zilipeleka magogo ya namna hiyohiyo Busan na Incheon, ambako Wakorea walitengeneza plaiwudi na kuiuza nje, hasa Marekani. Kampuni ya Dongmyung ya Busan ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa bidhaa za nje wa Korea nzima. Fikirini: nchi ambayo milima yake ilikuwa mitupu, isiyo na mti wa kumenya, ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa plaiwudi duniani.

Biashara ya namna hiyo husimama kwa mguu mmoja. Mguu huo ulikuwa Jakarta.

Mwaka 1980 serikali ya Indonesia ilianza kubana usafirishaji wa magogo, na kufikia mwaka 1985 ikaupiga marufuku kabisa. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: anayetaka mti wetu anunue ukiwa umekwisha kuwa plaiwudi. Viwanda vya plaiwudi nchini humo, ambavyo mwanzoni mwa miaka ya 1970 vilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, vilipita 100 kabla ya muongo wa 1980 kwisha. Chama chao, Apkindo, kiliongozwa na Bob Hasan, rafiki wa karibu wa Rais Suharto, na chama hicho ndicho kilichopanga nani auze kiasi gani na wapi. Waagizaji wa Tokyo waliozoea kupanga bei wao walijikuta wakipangiwa.

Angalieni jinsi majirani wawili walivyolipokea pigo moja. Dongmyung ilianguka mwaka 1980. Zilikuwapo sababu nyingine za kisiasa na za mafuta kupanda bei, sitaki kuzificha, lakini kiwanda kisicho na gogo lake hakina pa kukimbilia. Korea ikatoka kwenye orodha ya wauzaji na pole pole ikaingia kwenye orodha ya wanunuzi. Japani ilikuwa na nafasi zaidi ya kupumua. Ilihamishia ununuzi wa magogo Sabah na Sarawak, na huku ikianza kupokea plaiwudi ya Indonesia kwa wingi uliozidi mwaka hadi mwaka. Sabah nayo ilipofunga magogo yake mwaka 1993, mlango ulizidi kuwa mwembamba.

Katikati ya miaka ya 1990 Japani ilikuwa ikiagiza plaiwudi ipatayo mita za ujazo milioni 5 kwa mwaka. Hicho ndicho kilele. Mtu anayeutazama mchoro bila kuijua historia angesema Wajapani walizidi kupenda plaiwudi. Sehemu kubwa ya kupanda kule ilikuwa mti uleule wa siku zote, ambao zamani uliingia ukiwa gogo na sasa unaingia ukiwa bodi. Ndiyo maana kulinganisha uagizaji wa bodi bila kutazama uagizaji wa magogo ni kusoma nusu ya barua.

(Hapo mzee mmoja wa safu ya pili ameniuliza kwa ishara kama Tanzania nayo haikatazi magogo ghafi kuvuka mpaka. Inakataza, mzee wangu. Ndiyo maana nikaileta Indonesia hapa.)

Hoja ya tatu: miti iliyopandwa na baba.

Hii ndiyo hoja yangu kubwa, mnivumilie nikiirefusha.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Japani ilikuwa na milima iliyokatwa ovyo na miji iliyoungua. Katika miaka ya 1950 na 1960 ilipanda miti kwa kasi ya kushangaza; miaka ya kilele ilizidi hekta 300,000 kwa mwaka mmoja. Iliyopandwa zaidi ilikuwa sugi, mti wa asili wa nchi hiyo unaokwenda juu umenyooka, na hinoki, pamoja na lachi katika sehemu za baridi. Leo mashamba ya miti ya Japani yana hekta zipatazo milioni 10, yaani karibu asilimia 40 ya misitu yake yote.

Kisha ikatokea kejeli. Mwaka 1964 uagizaji wa mbao uliachiwa huru kabisa, magogo ya nje yakamiminika kwa bei ya chini, na miche ile ikasahauliwa milimani. Vijana wa vijijini walihamia mijini. Mashamba hayakupunguziwa miti. Kitu pekee ambacho Mjapani wa kawaida alikipata kwa sugi kwa miaka mingi ni mafua ya kila machipuko, maana chavua yake huwafanya mamilioni ya watu wapige chafya kuanzia Februari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mbao za nyumbani zilikuwa zinatosheleza chini ya asilimia 20 ya mahitaji ya nchi yenye msitu juu ya theluthi mbili za ardhi yake.

Ila mti haujui siasa, unaendelea kunenepa. Ilipofika wakati huo miti ya miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa imekomaa, na mambo mawili yakakutana nayo. La kwanza ni mashine. Mashine ya zamani ya kumenya ilishika gogo katikati ya ncha zake mbili, ikaacha kiini kinene, hivyo gogo jembamba halikulipa. Mashine mpya hulizungusha gogo kwa kulisukuma kwa roli kutoka pembeni, na hubakiza kiini chembamba kama mpini wa jembe. Sugi, mti laini na wenye vifundo ambao zamani hakuna kiwanda kilichoutaka, ukageuka malighafi. Watengenezaji wakabuni plaiwudi nene ya milimita 24 na 28 ya kuweka sakafuni, ambayo fundi akiipigilia hahitaji tena msururu wa mbao ndogo chini yake. Mteja hakushawishiwa aipende sugi kwa uzalendo. Aliuziwa kitu kilichompunguzia kazi.

La pili lilitoka Urusi. Viwanda vya Japani vilivyokimbia uhaba wa magogo ya tropiki vilikuwa vimejizoesha lachi ya Siberia. Mwaka 2007 Moscow ilianza kupandisha ushuru wa magogo yanayotoka nchini, na mwaka 2008 ukafika asilimia 25 huku ikitangazwa kwamba ungepanda zaidi. Kiwanda kilichokwisha kuumwa na Jakarta hakikungoja kuumwa mara ya pili.

Matokeo yake ni haya. Mwaka 2000, katika magogo yote yaliyomenywa na viwanda vya plaiwudi vya Japani, ya nyumbani yalikuwa karibu asilimia 3 tu. Kufikia mwisho wa miaka ya 2010 yalipita asilimia 80. Uagizaji wa plaiwudi ulishuka chini ya nusu ya kilele chake. Na uwezo wa nchi kujitosheleza kwa mbao za kila aina ulipita asilimia 40 mwaka 2020.

Sasa Korea. Msije mkadhani Wakorea hawakupanda. Walipanda, tena kwa nidhamu inayosifiwa duniani kote. Mpango wa kwanza wa miaka kumi ulianza mwaka 1973 chini ya Rais Park Chung-hee, na lengo la hekta milioni moja lilifikiwa mwaka 1978, kabla ya muda. Leo Korea Kusini ina msitu juu ya zaidi ya asilimia 60 ya ardhi yake. Kwa nini basi hawaipunguzi plaiwudi ya nje kama jirani yao?

Jibu liko kwenye majina ya miti. Milima ya Korea ilikuwa imevuliwa nguo. Udongo ulishuka mabondeni kila mvua, na wanavijiji walihitaji kuni. Kwa hiyo walipanda miti ya kushika udongo na ya kuchoma: msindano wa aina inayostahimili ardhi maskini, mkakaya wa Marekani wenye miiba, na miti ya jamii ya alda inayorutubisha ardhi. Lachi na misindano mingine ya mbao ilikuwapo, lakini si kwa wingi wa sugi ya Japani. Miti hiyo ilifanya kazi iliyotumwa. Iliokoa mabonde na mashamba ya mpunga. Lakini ukiipeleka kwenye mashine ya kumenya, ni mifupi, imepinda na ina vifundo.

Ila ukiisaga, hali inageuka. MDF haiulizi kama gogo limenyooka. Msindano uliopinda ukisagwa kuwa nyuzi, ukachanganywa na gundi na kukandamizwa kwa joto, unatoa bodi nzuri kabisa, na Korea ilijenga viwanda vikubwa vya MDF vinavyotosheleza sehemu kubwa ya mahitaji yake. Hivyo basi nchi moja, ndani ya jumla moja ya takwimu, ni hodari katika 4411 na tegemezi katika 4412. Plaiwudi ya nje inayoingia Korea imekuwa ikizidi mita za ujazo milioni moja kwa mwaka, Vietnam ikiongoza kwa wauzaji siku hizi, na chipbodi nyingi inatoka Thailand, ambako hutengenezwa kwa miti ya mpira iliyozeeka. Anayesoma jumla peke yake atasema Japani imeshinda na Korea imeshindwa. Mimi nasema Korea ilipata ilichokipanda.

Hoja ya nne: nyumba wanazolala.

Hapa nitapita haraka. Familia nyingi za Japani huishi katika nyumba za mbao zisizo za ghorofa nyingi, ambazo kuta na sakafu zake hula plaiwudi ya kudumu. Wakorea walio wengi huishi kwenye majengo marefu ya zege, na plaiwudi yao kubwa ni ya kumwagia zege, hii ambayo mafundi wetu huiita marini bodi, inayotumika mara kadhaa kisha ikatupwa. Bodi ya namna hiyo inataka uso mgumu na laini, na mti wa tropiki ndio unaoutoa vizuri. Hata Japani, pamoja na sugi yake yote, inaendelea kuagiza plaiwudi ya kumwagia zege kutoka Malaysia na Indonesia.

Hoja ya tano: miaka isiyofaa kulinganishwa.

Tabia yetu ya kuchukua mwaka wa kwanza na mwaka wa mwisho, kisha kutangaza asilimia, inapotosha. Mwaka 1996 Wajapani walianza kujenga nyumba zaidi ya milioni 1.6, wengi wakikimbia kodi ya mauzo iliyotarajiwa kupanda kutoka asilimia 3 hadi 5 Aprili 1997. Ukianzia hapo, kila mwaka unaofuata utaonekana wa anguko. Mwaka 1998 Korea ilikuwa katika msukosuko wa fedha, sarafu yake imeporomoka na ujenzi umesimama. Ukianzia hapo, kila mwaka unaofuata utaonekana wa neema. Mwaka 2011 uagizaji wa plaiwudi wa Japani ulipanda ghafla. Kisa ni kwamba tsunami ya tarehe 11 Machi ilivifunika viwanda vya pwani ya kaskazini mashariki, vya Ishinomaki, Ofunato na Miyako, ambako sehemu kubwa ya plaiwudi ya nchi ilikuwa ikitengenezwa. Viwanda vilipofufuka, uagizaji ulirudi chini. Na mwaka 2022 Urusi ilizifungia nchi zote mbili magogo na vinia kwa sababu ya vita vya Ukraine. Anayetaka kulinganisha kwa haki achukue wastani wa miaka mitano mitano, kisha aandike pembeni kila tukio la namna hii.

Hoja ya sita: je, ushuru haufanyi kitu?

Unafanya, lakini kidogo kuliko tunavyodhani. Korea imetoza ushuru wa kuzuia bei ya kutupa dhidi ya plaiwudi ya Malaysia tangu mwaka 2011, kisha ya China, na mwaka 2020 ikaongeza Vietnam. Kila mara shehena ilibadilisha bandari ya kutokea, na viwanda vya ndani havikurudi vilivyokuwa, kwa sababu gogo la kumenya bado hawana. Kanuni za ubora zimekuwa na meno zaidi. Sheria ya majengo ya Japani iliyorekebishwa ilipoanza kutumika mwaka 2003 na kubana gesi ya fomaldihaidi inayotoka kwenye gundi, bodi isiyokuwa na alama ya nyota nne ilijikuta imewekewa mipaka ya kutumika ndani ya nyumba, itoke nje au itoke nchini. Nasema hili mbele ya mafundi wetu, ambao hukata MDF siku nzima bila kitambaa puani.

Ndugu wasikilizaji, nimalizie kwa kutazama mbele, na hapa ndipo nitakapoigusa Afrika Mashariki.

Shamba la miti la Sao Hill na mashamba ya wakulima wadogo wa Iringa na Njombe nchini Tanzania yana misindano na mikaratusi ambayo sasa imekua. Mafinga imejaa viwanda vya kumenya vinia. Kenya ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, na Rais Ruto akatangaza kuufungua tena Julai 2023. Katika miaka hiyo yote fundi wa Nairobi hakuacha kutengeneza makabati, alitafuta bodi kwingine. Haya yote yanaonyesha kwamba mstari wetu wa uagizaji uko karibu kupinda. Utapinda kuelekea Japani au kuelekea Korea, na hilo linategemea ni miti gani imesimama shambani, ina unene gani na inavunwa ikiwa na umri gani. Mkaratusi unaokatwa ukiwa na miaka sita kwa sababu mwenye shamba ana ada ya shule ya kulipa hautatoa plaiwudi ile ambayo ungetoa ukiwa na miaka kumi na tano.

Kwa hiyo nina maombi kwenu. Maofisa misitu, mnapoandika hekta zilizopandwa, andikeni pia aina ya mti na kazi uliyokusudiwa: kumenywa, kupasuliwa, kusagwa au kuchomwa. Maofisa wa forodha, unene na aina ya bodi viandikwe kwenye kila tamko, maana "mbao mchanganyiko" haimsaidii mtafiti wala mwenye kiwanda. Wafanyabiashara, msiombe ushuru upandishwe dhidi ya MDF ya nje kabla hamjatuonyesha nani ataitengeneza hapa na kwa mti gani. Na nyinyi wanafunzi, chukueni majedwali ya Kenya na Tanzania kuanzia mwaka 1990, myapange kwa mafungu yale manne ya forodha, kila nchi kivyake, kwa wastani wa miaka mitano mitano. Kazi hiyo ni ya mhula mmoja. Atakayeimaliza aniletee, nami nitamwachia jukwaa hili mwakani aje kuhadhiri yeye.